Pakiti ya Sukari Tumboni mwa Ng'ombe

Ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile Sangailu, huko Ijara katika Kaunti ya Garissa, alikuwa mbavu tupu, ila ubavu wake wa kushoto ulikuwa umetuna kama wa mnyama aliyeshiba majani ya masika. Mchinjaji alipopasua tumbo la kwanza, kisu kilikwama. Alichokitoa kwa mikono miwili kilikuwa donge la nailoni lililosokotana na nyuzi za gunia, zito, la kijivu, limeshikamana hata halikunjuki. Nililitia kwenye ndoo ya maji nikaanza kulichambua tabaka kwa tabaka: mfuko mweusi, pakiti ya maziwa ya unga, pakiti ya tambi, halafu vijifuko vyeupe vya sukari ya robo, kimoja baada ya kingine, fundo la mwenye duka bado limekaza.

"Daktari," akaniambia mzee mwenye ng'ombe, "huyu alikuwa anakufa njaa na tumbo limejaa."

Nimefanya kazi ya udaktari wa mifugo kwa miaka mingi na sijasikia maelezo bora ya maradhi haya kuliko hayo ya mzee. Ng'ombe ana matumbo manne. La kwanza ndilo kubwa. Kwa ng'ombe mzima linaweza kubeba lita 100 na zaidi, na humo ndimo vijidudu visivyoonekana kwa macho huyachachusha majani. Ili chakula kitoke hapo kwenda mbele, sharti kicheuliwe na kusagwa hadi kiwe vipande vidogo sana, kwani tundu la kupitia ni jembamba. Nailoni haisagiki, wala vijidudu hivyo haviijui. Inakaa. Ya leo inajizungusha kwenye ya jana, chumvichumvi za tumboni zinaigandisha, na mwaka ukipita pana jiwe mahali pa chakula. Ukuta wa tumbo ukisukumwa humpa mnyama habari kuwa ameshiba, basi anaacha kula. Maziwa yanakauka, mimba zinatoka, ngozi inashika mfupa.

Watu huniuliza, kwani ng'ombe ni mjinga kiasi cha kula nailoni? Hapana. Mbuzi ana midomo myepesi, huchagua jani moja moja katikati ya miiba, ingawa naye njaa ikimzidi hula takataka. Ng'ombe hukusanya majani kwa ulimi, na ulimi wake una vinundu vinavyoelekea nyuma, hivyo kilichoingia kinywani hakitemeki kwa urahisi. Juu ya hayo, malisho ya nchi kavu yakiishiwa na madini, hasa fosforasi na chumvi, mnyama huwa na hamu ya kutafuna chochote: mfupa, kamba, kiatu kikuukuu. Sasa mwekee mbele pakiti yenye punje za sukari au iliyobaki na ladha ya chumvi. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ziliposhindwa misimu 5 mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, palikuwa na vijiji ambako taka za nyuma ya duka zilikuwa karibu kuliko majani.

Jambo hili halipo Ijara peke yake. Mwaka 2021 wataalamu wa Dubai na wenzao wa Marekani walichapisha habari za ngamia zaidi ya 300 waliokufa tangu 2008 wakiwa na madonge ya plastiki tumboni. Zito kuliko yote lilifika kilo 64. Fikiria ngamia anayetembea na uzito wa mtu mzima, na mzigo wote ni mifuko.

Najua msomaji ataniuliza, si mifuko ilipigwa marufuku? Ilipigwa. Tangazo lilitoka kwenye Gazeti la Serikali mapema mwaka 2017, likaanza kazi tarehe 28 Agosti mwaka huo: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Nililiunga mkono na ninaliunga mkono hadi leo. Miti ya miiba iliyokuwa imevaa mifuko myeusi ilipumua. Lakini marufuku ile ililenga mfuko wa kubebea na ule usio na mshikio. Pakiti inayofungwa kiwandani pamoja na bidhaa yake iliachwa, kwa hoja kwamba inalinda chakula. Mwenye duka naye, anayefungua gunia la kilo 50 na kuligawa robo robo, anatumia kijifuko chembamba ambacho sheria haikiruhusu, na ambacho humfikia kwa njia za mpakani. Simlaumu haraka. Mteja wake ana pesa ya robo, hana ya kilo.

Hapo ndipo mnunuzi wa Sangailu anapoonewa. Mtu wa mjini hulipia pakiti mara moja, na gari la taka likipita anaisahau. Huku hakuna gari la taka. Mama analipia sukari, analipia pakiti ndani ya bei ya sukari, kisha ng'ombe wake anailipia mara ya tatu. Na tukianza kununua mifuko yenye maandishi kwamba "inaoza", tuulize inaoza wapi. Iko ya aina inayotiwa dawa ya kuifanya ikatikekatike juani. Hiyo inabaki plastiki ile ile kwa vipande vidogo zaidi. Iko pia iliyotengenezwa kwa mimea, na kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 huitaka ioze kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6. Kipimo hicho ni cha kiwanda cha mboji, penye unyevu, hewa na joto la nyuzi 58 hivi. Tumboni mwa ng'ombe mna nyuzi 39 na karibu hamna oksijeni. Nje, kwenye mchanga mkavu, hata unyevu haupo. Kwa mfugaji, neno lile kwenye mfuko halimkingi na kitu.

Kinachooza kweli tunakijua. Miraa inafika Garissa ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba, na mafungu yakifunguliwa mbuzi wa sokoni wanamaliza ufungashaji wote kabla ya jioni. Maziwa yalibebwa kwenye dhiil, chombo kilichofukizwa moshi, miaka mingi kabla ya mtungi wa manjano. Mafuta ya kupikia bado yanauzwa ya kupima, na kila nyumba inakuja na chupa yake bila kuona haya. Kwa nini sukari, mchele na majani ya chai visiuzwe hivyo hivyo?

Upande wa viwanda, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zake za 2024 zinamtaka anayeingiza pakiti sokoni agharimie kuikusanya. Mimi nasema gharama hiyo ifike mpaka mwisho wa barabara, isiishie Nairobi. Lori linaloleta shehena Ijara na Hulugho mara nyingi hurudi na nafasi. Marobota ya pakiti yaliyolipiwa kwa kilo yangepata pa kukaa. Mvua zikiikata njia, yangesubiri ndani ya ua uliozungushiwa miiba, mbali na ng'ombe.

Kwa sasa, mfugaji, weka jiwe la chumvi na madini zizini. Ukimwona ng'ombe anakonda huku ubavu wa kushoto umetuna, hacheui, na kinyesi kimekuwa kidogo, usipoteze fedha kwa dawa za kunywesha. Hakuna dawa inayoyeyusha nailoni. Tiba ni kumtia ganzi, kupasua ubavu huo na kulitoa donge kwa mkono, na ifanywe kabla mnyama hajaishiwa nguvu.

Jioni ile ile nilimkuta mzee dukani. Muuzaji alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye vijifuko vilivyofungwa tayari. Mzee akatoa kopo la majani ya chai kutoka kwenye kikoi chake, akaliweka juu ya meza. "Nimiminie humu." Gunia lilikuwa pale pale nyuma ya muuzaji, na kipimo ndani yake.