Kasoro ya seva inavyoweza kumgusa mkulima wa dengu Bariadi

MKULIMA wa dengu wa Bariadi anayefuatilia bei kwenye skrini ya mnada hana sababu ya kujua programu iitwayo Squid, jina ambalo kwa Kiswahili ni ngisi. Hata hivyo, mnunuzi ambaye ofisi yake hutumia programu hiyo kama lango la intaneti anaweza kufungiwa nje ya mnada katikati ya ushindani, hali mtandao wa simu uko sawa na malipo ya intaneti hayajaisha.

Tangu dengu za Simiyu zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani na minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), intaneti imekuwa pembejeo kama zilivyo mbegu na dawa. Tofauti ni kwamba mbegu mbovu mkulima huiona shambani.

Squid ilianza mwaka 1996. Kazi yake ya asili inafanana na ya duka la kijijini: ukurasa alioomba mtu wa kwanza huwekwa akiba, na wa pili hupewa nakala bila kuuagiza tena kutoka mbali. Kabla ya mkongo wa Seacom kuzinduliwa Julai 2009, tulipotegemea setilaiti kwa bei ya kuumiza, akiba hiyo ilikuwa fedha taslimu. Leo kurasa nyingi husafiri kwa usimbaji wa siri, hivyo faida ya nakala imepungua. Lakini wapo wanaoendelea kutumia Squid kudhibiti nani anaingia intaneti, maana yake ofisi nzima hupita mlango mmoja.

Oktoba 2023, mtafiti Joshua Rogers alitangaza kwamba ukaguzi alioufanya mwaka 2021 uliibua kasoro 55 katika Squid, na kwamba 35 zilikuwa bado hazijarekebishwa. Programu hii hutolewa bure na watunzaji wake ni wachache. Anayeitumia bila kuilipia asishangae foleni ya matengenezo ikiwa ndefu.

Mojawapo ya kasoro zilizotangazwa mwezi huo ilipewa namba CVE-2023-46847. Inazihusu seva zinazohakiki majina na nywila kwa njia iitwayo Digest. Squid haikupima vizuri ukubwa wa taarifa inayopokea, ni sawa na kumimina pipa zima ndani ya debe. Mtu wa mbali aliweza kuingiza hadi megabaiti 2 za data mahali pasipostahili kwenye kumbukumbu, na programu ikaanguka. Hata ikiwashwa upya, ombi lile lile likirudiwa inaanguka tena. Hili ndilo shambulio la kunyima huduma: si lazima kiibiwe kitu, ila hakuna anayehudumiwa.

Tuseme chama cha msingi kina tani 100 za dengu ghalani. Mnunuzi mmoja mkubwa akikosekana, na bei ikashuka kwa Sh50 tu kwa kilo, wanachama wamepoteza Sh5 milioni. Mei 12, 2024, hitilafu ya mikongo ya EASSy na Seacom ilivuruga intaneti nchini, na kila mtu alijua kuna tatizo. Seva ya ofisi moja ikianguka, mnada huendelea bila yeye.

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la 6.4. Wanaotumia Debian au Ubuntu wanaweza kuwa wamepata marekebisho chini ya namba ya toleo la zamani, kwa hiyo fundi asiangalie namba pekee, asome taarifa ya usalama ya msambazaji. Ambaye bado hajasasisha azime uhakiki wa Digest. Mlango namba 3128, ambao Squid huutumia kwa kawaida, usiachwe wazi kwa intaneti nzima.

Kazi hiyo ni ya saa chache, na ifanyike kabla ya msimu. Fundi akiianza asubuhi ya mnada, atawakatia watu intaneti yeye mwenyewe wakati wa kuwasha upya seva.