Valvu ya Juu, Valvu ya Chini

Neno Landrova limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu kiasi kwamba wazungumzaji wengi hawalihesabu tena kuwa la mkopo. Lilikuja na gari lenyewe. Gari hilo lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948, na haikupita miaka mingi kabla ya polisi, mabwana mifugo, walinzi wa wanyamapori na maofisa wa utawala wa kikoloni kuonekana wakilitumia hapa Kenya. Wazee wa kwetu husimulia kwamba wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, mlio wake peke yake ulitosha kuwafanya watu waache majembe shambani na kujificha.

Ninayo moja ya mwaka wa 1956. Niliirithi kwa marehemu baba mkubwa, aliyekuwa bwana mifugo na ambaye aliinunua katika mnada wa serikali baada ya Uhuru. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiitafutia vipuri vya injini. Hata hivyo, nia yangu leo si kuwachosha wasomaji kwa hadithi za safari zangu. Nataka tuitazame lugha inayotumiwa katika utafutaji huo, kwa maana nimeshawishika kwamba ndiyo inayoamua kama kitu kitapatikana au la.

Yafaa kwanza nieleze injini yenyewe. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alibuni Landrova mwaka wa 1947 akiongozwa na mfano wa Jeep ya Marekani aliyokuwa akiitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma cha pua na bati la chuma vilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Injini ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 1595. Walipotaka kuiongezea nguvu hadi 1997, mafundi wa Rover walizipanua silinda hadi zikakaribiana mno, na nafasi ya maji ya kupozea baina yake ikatoweka. Katikati ya miaka ya hamsini wakaisanifu upya, wakazitenganisha silinda ili maji yapite. Ukubwa haukubadilika: upana milimita 77.8, mwendo wa pistoni milimita 105. Lakini gasketi ya injini moja haikai kwenye nyingine.

Kuna jambo jingine. Katika injini hii valvu zinazoingiza hewa na petroli zimo kichwani, ilhali zinazotoa moshi zimo ubavuni mwa bloku, chini. Mpango huo haupo katika magari tunayopishana nayo barabarani leo.

Sasa nenda nayo Kirinyaga Road, Nairobi, barabara ambayo zamani iliitwa Grogan na ambayo wenye magari wengi bado huita hivyo. Maduka ya spea yamebanana hapo. Nasema spea kwa sababu hilo ndilo neno la dukani. Vipuri ni neno la taarifa ya habari na la darasani, na anayelitamka pale kaunta hutazamwa kama mkaguzi wa kodi. Mwombe muuzaji kijana gasketi ya Landrova ya 1956 naye atakuletea ya injini ya 2286, iliyoanza mwaka wa 1958 na ambayo imetapakaa kote. Msomee namba ya kipuri kutoka kitabu cha kiwanda, atakuambia haipo. Kwake yeye namba hiyo haina maana yoyote.

Ndipo akaingia Mzee mmoja, fundi wa zaidi ya miaka sabini, ambaye amefanya kazi katika gereji tangu alipokuwa mvulana wa kushika tochi. Hakuwahi kusoma kitabu cha kiwanda. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, hiyo yako ni ya pacha au ya kuachana?"

Nilistaajabu. Vitabu vya Kiingereza navyo huita zile silinda zilizogusana kwa jina linalotokana na mapacha walioshikana miili, lakini Mzee hakulipata huko. Aliitazama bloku, akaona ndugu wawili waliobanana tumboni, akawaita jina lao. Mimi nikajibu ni ya kuachana, naye akamwambia kijana wa duka apande darini. Gasketi ikashuka na vumbi lake, ikiwa imefungwa kwa gazeti lililogeuka rangi ya chai.

Aidha, Mzee hasemi valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa. Husema valvu ya juu na valvu ya chini. Mwanaisimu hawezi kuipuuza tofauti hiyo. Istilahi ya kitabu hutaja kazi ya kitu. Istilahi ya Mzee hutaja mahali kilipo. Katika injini ya kisasa, ambamo valvu zote zimo kichwani, istilahi yake haifai kitu. Katika injini hii, ni bora kuliko ya kitabu, kwa kuwa humwambia mwanagenzi pa kupeleka mkono. Hakuna kamati iliyoketi kulijadili jambo hilo.

Simaanishi kwamba kamati hazina kazi. Tunazihitaji, hususan kwa ajili ya vitabu na mitihani. Ninachodai ni kwamba zianzie gereji. Huko sarufi imekwisha kufanya kazi yake kimyakimya. Chukua neno la Kiingereza linalotaja kikinga matope: kwa kuwa lilianza kwa sauti iliyofanana na ma-, Mswahili alilisikia kama wingi, akasema madigadi, kisha akajitengenezea umoja wake, digadi. Beringi, ringi na gasketi zikajiunga na ngeli ya I-ZI bila kuombwa. Walimu, hebu wapeni wanafunzi wenu mifano hii badala ya kuwakaririsha orodha za ngeli zisizo na uhai.

Suala hili si la mapambo. Mitihani ya ufundi nchini huandikwa kwa Kiingereza. Mwanagenzi wa Mzee aweza kukaza tapeti kwa kusikiliza mlio tu, lakini karatasi ya mtihani humuuliza kwa maneno ambayo hakuna mtu gerejini aliyewahi kuyatamka. Hufeli, na husemekana hajui. Wakati huohuo, aliyefaulu huja gerejini na cheti chake, asielewe akiagizwa alete spana ya inchi, kwani nati za gari hili si za milimita.

Na muda unatutupa mkono. Injini hizi huuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Serikali ilipoisimamisha biashara hiyo kwa muda Januari 2022, kufuatia kuhujumiwa kwa milingoti ya umeme, Mzee alifurahi mno: alisema huenda bloku chache zikaponea. Vijana anaowafundisha hawaoni haja ya kujifunza injini ya pacha, wala siwalaumu, maana Toyota ndizo zinazowalisha. Wanafunzi wangu wanne wameanza kumrekodi kila Jumamosi, neno kwa neno, kipuri mkononi. Hadi sasa wana maneno mia mbili na kumi, na bado hawajafika kwenye giaboksi.

Kuhusu injini, silinda zimepanuliwa kwa karakana moja ya Kariobangi na pistoni za saizi ya thelathini zimepatikana. Kabureta ya Solex imesafishwa. Valvu za juu zimetimia nne. Za chini tunazo mbili. Mzee amesikia kwamba upande wa Nakuru kuna saluni ya Rover 60, gari lililotumia injini jamaa na hii, imelala chini ya mti tangu mwenyewe afariki. Tutakwenda shule zikifungwa.