Mfenesi Hautaki Mbegu Kavu

Ukitoka Jinja mjini kuelekea Iganga unapita Bugembe, yalipo makao ya ufalme wa Busoga, na huko mfenesi nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida. Mingi haikupandwa na mtu. Watoto walikula fenesi, kokwa zikatupwa jalalani, mvua ikanyesha, mti ukaota. Mkulima makini, anayechagua mbegu bora na kuianika vizuri, ndiye anayeambulia patupu.

Sababu ni mazoea. Mahindi na maharage huanikwa yakauke ndipo yawekwe hadi msimu ujao. Kokwa ya fenesi haijui kulala hivyo. Hutoka kwenye tunda ikiwa na maji mengi, kiinitete kikiwa tayari kukua, na ikikauka kiinitete hufa. Pasua fenesi lililoiva kupita kiasi, huenda ukakuta kimzizi cheupe kimeshachomoza humo humo ndani.

Kwa hiyo osha kokwa utelezi uishe, kisha ipande siku hiyo hiyo au ndani ya siku chache. Tumia mfuko mrefu wa kitalu, ilaze ubavu, ifukie sentimita 2 au 3, na udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji. Baada ya wiki chache itaota. Mzizi mkuu hushuka haraka sana, na ukijikunja au kukatika mche hudumaa. Uhamishie shambani ungali mdogo, mvua za Machi zinapoanza, mbali na ukuta wa nyumba: fenesi moja laweza kupita kilo 30.

Ila kokwa ya tunda tamu haikuhakikishii tunda tamu, maana chavua huenda ilitoka mti mwingine. Anayetaka ladha ile ile abebeshe kikonyo cha mti anaoujua juu ya mche wa kokwa. Kazi hiyo inataka kisu kikali na mkono mwepesi, kwa kuwa utomvu mweupe hujaa kwenye kidonda upesi. Mutuba, mti wa nguo za magome, nao hutoa utomvu wa namna hiyo. Miti hii miwili ni ya familia moja.

Mti ukishaanza kuchanua huja hofu nyingine. Vifenesi vidogo, virefu kama kidole gumba, huota ukungu, hugeuka vyeusi na kuanguka. Wengi hudhani ni ugonjwa na hukimbilia dawa. Kumbe hayo ni mashada ya maua dume, ambayo yakishatoa chavua kazi yake imekwisha. Maua jike hukaa kwenye shada lake, aghalabu kwenye shina au matawi manene, na shada hilo zima ndilo huwa fenesi: kila tembe unayokula ni ua moja lililochavushwa, na nyuzi zilizo katikati ni maua yaliyokosa chavua.

Mwaka 2018 watafiti waliochunguza mifenesi ya Florida, Marekani, walieleza kwamba wachavushaji wake ni visubi wadogo mno wanaofuata ukungu ule ule wa maua dume. Hula hapo, huzaliana hapo, na hubeba chavua hadi kwenye maua jike.

Basi, ndugu msomaji, ukiviona vifenesi vyeusi vikidondoka, usipulize dawa. Viache.