Baiskeli ya Springi Mbele na Nyuma: Je, Yafaa Kununuliwa?

Maneno yangu ya leo ni habari ya baiskeli ya milimani, na hasa ile iliyo na springi mbele na nyuma. Mafundi huziita springi hizo shokapu. Vijana wengi wa Bukoba na Muleba huitamani sana, kwa kuwa sura yake ni ya fahari, na mwenye kuipanda huonekana kama mpanda pikipiki. Walakini fedha ya kuinunulia hutoka katika kahawa na ndizi, na fedha hiyo hiyo ndiyo yenye kununua sare za shule na bati la nyumba. Ikiisha kutoka mkononi, hairudi mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mtu mwenye fedha ya kadiri akinunua baiskeli ya namna hii, je, atapata faida au hasara?

Kwanza tuijue asili yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry huko Uingereza, alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili ya kimo karibu sawa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Karibu na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alitengeneza mpira wenye upepo ndani yake. Upepo ule ulipunguza mishtuko ya njiani, hata twaweza kuuita springi ya watu wote. Na hata leo hapana springi iliyo rahisi kuliko upepo wa tairi. Neno hili mliweke moyoni, maana mbele litatufaa.

Baiskeli ya milimani ilikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, katika jimbo la California huko Marekani, walikuwa wakishindana kuteremka njia za udongo kwa baiskeli kuukuu. Breki zao zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto kabisa hata grisi ikaungua, ikawabidi kutia grisi mpya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda baiskeli mpya kwa kazi hiyo hasa. Mwaka 1989 Paul Turner alianzisha kampuni ya RockShox, iliyotengeneza uma wa mbele wenye springi ya hewa na mafuta. Na uma ndiyo ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Mwaka 1996 mashindano ya baiskeli za milimani yaliingizwa katika michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Basi mwaona ya kuwa springi hizi zilizaliwa katika mchezo. Walioziunda walifikiri mtu anayeteremka kwa kasi hali hana mzigo mgongoni wala nyuma ya kiti.

Sasa tutazame jinsi springi inavyofanya kazi. Gurudumu likipiga jiwe, springi hujikunja na kulipokea pigo, kisha hutaka kurudi kwa nguvu. Katika shokapu njema mna mafuta yanayopita katika matundu madogo, nayo huizuia springi isirudi kwa ghafula. Katika shokapu za bei ya chini mara nyingi hamna mafuta hayo. Mna chuma kilichozungushwa tu, au chuma na kipande cha mpira. Kwa hiyo baiskeli huruka-ruka kama mpira wa watoto, na gurudumu huacha kushika ardhi wakati ule ule mpandaji anapotaka kushika breki.

Tena yako mambo ya kupanda mlima. Mtu akikanyaga pedeli, springi ya nyuma hujikunja kidogo. Nguvu iliyoikunja imetoka mguuni, nayo haikulisukuma gurudumu mbele. Watengenezaji wakubwa wamepata njia za kupunguza hasara hii, lakini njia hizo ni za gharama, wala hazionekani katika baiskeli za bei ya chini. Zaidi ya hayo springi na viungo vyake ni uzito. Baiskeli ya namna hiyo iliyo ya bei ndogo mara nyingi huzidi kilo 16, na kilo hizo zote hupandishwa mlimani kwa miguu ya mwenyewe.

Nchi yetu haimsamehe mwenye baiskeli nzito. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na kutoka ufukoni nchi yapanda kwa matuta marefu yenye mabonde ya matope katikati. Yeye atokaye Muhutwe kwenda Kamachumu aijua kazi ya kupanda, na arudipo aijua hatari ya kuteremka. Mvua nayo ni nyingi: Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji na matope huingia katika viungo vya fremu yenye springi. Viungo hivyo vikila, gurudumu la nyuma huyumba huku na huku, na fundi wa kijijini hana kipuri chake. Mnyororo, spoku na tyubu hupatikana karibu kila gulio. Kiungo cha shokapu ya nyuma hakipatikani.

Halafu kuna mzigo. Baiskeli ya mkulima hubeba mikungu ya ndizi, gunia la kahawa, madumu ya maji, au mgonjwa anayepelekwa hospitali. Keria ya kawaida hukazwa kwa bolti juu ya fremu na karibu na ekseli ya nyuma. Katika baiskeli ya springi mbili sehemu ya nyuma hupanda na kushuka, kwa hiyo keria hiyo haikai. Keria ndogo inayoning'inia kwenye nguzo ya kiti haiwezi mkungu. Na hata mtu akipata hila ya kuufunga mkungu, springi hulala chini kabisa kwa uzito. Basi amenunua springi isiyofanya kazi.

Labda mtu atasema, "Haya ni maneno ya mzee asiyependa mambo mapya." Basi tuwatazame wale wenyewe walioyaunda mambo hayo mapya. Tom Ritchey alikuwa mmoja wa mafundi wa mwanzo wa baiskeli za milimani huko California. Mwaka 2005 alizuru Rwanda, nchi iliyopakana na mkoa wetu wa Kagera, akaiona milima yake na wakulima wake wa kahawa. Kisha akawaundia baiskeli ya kubebea kahawa. Ilikuwa na sehemu ya nyuma iliyorefushwa ili ipokee magunia, na gia za kupandia mlima, springi hakuitia.

Mfano wa pili ni baiskeli iitwayo Buffalo, inayogawanywa katika nchi kadhaa za Afrika na shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005. Mmoja wa waanzilishi wake, F. K. Day, ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SRAM. Na SRAM ndiyo iliyoinunua RockShox mwaka 2002. Watu hawa wanazijua shokapu kuliko wengi duniani. Walakini baiskeli waliyoichagua kwa njia za vijijini haina shokapu hata moja. Ina fremu ya chuma, spoku nene, na keria ya kubeba kilo 100. Ikiwa mwenye duka la springi mwenyewe hakuzitia katika baiskeli ya mkulima, sisi tuna haja gani ya kuzilipia?

Sababu yake ni hesabu tu. Mtengenezaji aliyeazimia kuuza kwa bei ndogo ana fedha kidogo ya kutumia katika kila baiskeli. Akitumia sehemu kubwa kwa springi zinazovuta macho, hana budi kupunguza mahali pengine: katika breki, katika ringi, katika gololi za magurudumu. Lakini breki na ringi ndizo zinazoshika uhai wa mtu mteremkoni. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, hapana mtu anayefaa kununua baiskeli hii? Yupo. Ni yule asiyebeba mzigo, apendaye mchezo wa kupita njia za mawe, na aliye karibu na fundi hodari. Huyo na asinunue mpya ya bei ya chini. Heri atafute iliyokwisha kutumika, ya mtengenezaji mwema, katika zile ziletwazo kwa meli kutoka ng'ambo. Naye aipime hivi kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, ainue baiskeli kwa kukishika kiti, aishushe polepole. Akisikia mgongano kabla gurudumu halijagusa ardhi vizuri, viungo vimekula. Pili, ashike breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Usukani ukicheza, gololi za shingo zimelegea au zimekwisha. Tatu, atazame nguzo zinazong'aa za shokapu. Zikiwa na kutu, mikwaruzo au mafuta yanayovuja, aiache. Nne, akae juu yake: shokapu ya nyuma ijikunje kadiri ya robo ya mwendo wake, wala isilale kabisa. Tano, apime mnyororo kwa rula: pini 13, yaani nafasi 12 kamili za pini ya kwanza, ya tatu, na kuendelea hivyo kwa kuruka moja moja, ziwe inchi 12, zikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, na huenda meno ya gia yamekwisha pamoja nao. Sita, atazame rangi karibu na maungio ya fremu. Ufa mwembamba wa rangi waweza kuwa ufa wa chuma. Mwisho, asome namba iliyopigwa chini ya fremu mahali penye pedeli, iandikwe katika stakabadhi, asije akanunua mali ya wizi.

Tena asome namba za tairi. Watu husema "inchi 26" kama kwamba zote ni moja, kumbe sivyo. Tairi ya inchi 26 ya baiskeli ya milimani huandikwa 559, na ile ya inchi 26 kwa 1⅜ huandikwa 590. Ile ya inchi 28 kwa 1½, ya baiskeli kubwa za kizamani, ni 635. Hizi haziingiliani hata kidogo. Kabla ya kununua, ulizeni dukani kwenu ni namba ipi inayopatikana siku zote.

Na mtu mwingine, yaani mkulima, mwalimu, au mwanafunzi aendaye shule ya mbali, afanye nini? Achague baiskeli isiyo na springi, au yenye springi mbele tu. Iwe na gia nyepesi ya kupandia, na tairi nene ya kadiri ya milimita 50. Asiijaze upepo mpaka iwe kama jiwe. Upepo wa kadiri ndio ile springi ya Dunlop niliyoitaja, nayo imekwisha kulipiwa pamoja na tairi. Breki ziwe mbili, na ziwe za waya, ili fundi wa kijijini aweze kuzitengeneza. Fedha yake aigawe mafungu manne: matatu ya kununulia, na moja alizuie kwa mipira ya breki, tyubu na keria imara. Kabla ya kulipa aijaribu mteremkoni akiwa na mzigo, kwanza polepole, tena siku ya mvua ikiwezekana. Maana ringi iliyolowa huchelewa kushikwa na breki.

Baiskeli inayomfaa mkulima ni ile itakayofika juu ya mlima na mzigo wake, na kusimama mahali mwenyewe anapotaka isimame.