Kalamu Isile Haki za Wenye Haki

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeapa kwa kalamu katika Kitabu chake kitukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunazungumza na kundi ambalo mimbari zetu hulisahau: ndugu zetu, waume kwa wake, wanaotunga hadithi na riwaya ilhali wana ajira na familia. Hata katika Mkoa wa Simiyu, uliozinduliwa mwaka 2012, kundi hili halikosekani. Mmoja ni mwalimu Bariadi, mwingine muuguzi Meatu, mwingine karani anayesimamia mizani ya pamba katika chama cha ushirika huko Itilima. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imewapa sababu nyingine ya kushika kalamu. Lakini mchana ni wa mwajiri, na jioni ni ya watoto na shamba. Je, riwaya iandikwe lini? Wengi hujibu: usiku kucha. Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima.

Je, kutunga kisa ni uongo?

Kwanza tuondoe shaka hii, kwani wapo wazazi wanaowakataza vijana wao kwa hoja hiyo. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alikuwa bingwa wa lugha na mtumishi wa dola. Maqamat zake ni visa vya kubuni, nazo zilisomeshwa katika duru za elimu kwa karne nyingi. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, alikuwa tabibu wa mtawala wa Muwahhidun, naye akatunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan. Msomaji wa kisa anajua kuwa anasoma kisa, basi hajadanganywa. Kinachopimwa ni maudhui: yanajenga tabia au yanaibomoa?

Wasukuma nao walikuwa na shikome, mahali pa kuota moto jioni, ambapo wazee waliwafunza vijana kwa simulizi. Tuzingatie wakati wake: kazi za mchana zilikuwa zimekwisha, na baada ya hapo watu walikwenda kulala.

Mshahara haukuiua kalamu

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliingia utumishi wa serikali mwaka 1926 akiwa karani wa forodha. Baadaye alitumikia idara ya wanyamapori, kisha akafanya kazi katika ofisi za serikali mjini Tanga. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952, naye bado ni mtumishi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alisomesha katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kumi. Kwa hiyo, asiwepo mwenye kuacha kazi ya halali kwa kudhani kwamba ajira na utunzi haviwezi kukaa nyumba moja. Ambaye watoto wake wamekula huandika kwa utulivu.

Funzo la Salman na Abu Dardaa

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Salman (R.A.) alimzuru ndugu yake Abu Dardaa (R.A.), akamkuta mkewe hakujipamba, kwa kuwa mume alikuwa ameipa dunia mgongo. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka kuswali, Salman akamwambia alale. Akataka kuinuka tena, akamzuia tena. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku wakaswali pamoja. Kisha Salman akambainishia kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahali wana haki, basi kila mmoja apewe yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alimsadikisha Salman.

Tuizingatie hadithi hii. Ikiwa ibada ya usiku yenyewe haikuruhusiwa kula haki ya mwili na ya mke, riwaya itapata wapi ruhusa hiyo? Mwenye kukesha mfululizo huamka na kichwa kizito, husahau, hukasirikia watoto, na Alfajiri humpita.

Njia ya kati

Kwanza, saa za mwajiri ni amana. Mwalimu anayetunga sura ya tatu huku wanafunzi wakinakili ubaoni amepunja kipimo, na Suratul Mutaffifin imewaonya wapunjao.

Pili, Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha, na aliuombea umma wake baraka katika asubuhi. Basi alale mapema, na nusu saa baada ya Alfajiri iwe ya kalamu.

Tatu, amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu ijapokuwa ni kidogo. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa juma, ni kurasa 260 kwa mwaka. Hiyo ni riwaya kamili. Wakati wa palizi ya pamba, au msimu wa ununuzi unapopamba moto, na apunguze bila kujilaumu. Likizo ya shule ikifika, aongeze.

Nne, familia nazo zina wajibu. Mke akiwa ndiye mwandishi, mume amshikie watoto nusu saa hiyo, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani. Na mwandishi naye awasomee watoto alichoandika, wapate fungu lao katika kazi iliyochukua muda wao.

Kitabu kinaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Utoto wa mwana hausubiri, wala Swala haisubiri. Tunamuomba Allah (S.W.) abariki kalamu zetu, riziki zetu na nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.