Nitamshindaje Jirani? Funzo la Wachonga Vinyago

Ndugu msomaji, pita Magongo jioni uone biashara zilivyobanana: duka la nguo huku, kinyozi kule, mama chapati katikati. Kila mmoja ana swali moja moyoni: nitamshindaje jirani? Hata wataalamu wa mikakati ya biashara hawajakubaliana.

Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1980, asema tazama soko kwanza. Uza rahisi kuliko wote, au uza wasichokuwa nacho wenzako, au chagua kundi moja la wateja.

Jay Barney, Mmarekani mwingine, aliandika mwaka 1991: jitazame wewe. Una kitu gani chenye thamani, adimu, kigumu kuigwa na kisicho na mbadala?

Henry Mintzberg wa Kanada naye aliufananisha mkakati, mwaka 1987, na kazi ya mfinyanzi: mpango hupata umbo huku mikono ikifanya kazi.

Nani mkweli? Hebu tuwatazame jirani za Magongo, wachongaji wa ushirika wa Akamba hapo Changamwe, ulioanzishwa mwaka 1963.

Ufundi wao haukuanzia kwenye karatasi. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akarudi nao kwao. Hapo Mintzberg yu sawa.

Baadaye miti ya muhugu na mpingo, ambayo hukua polepole, ikaadimika. Kama mali yao ingekuwa mbao, wangefunga kazi. Lakini wengi walishika mwarobaini, mti unaokua upesi na uliojaa Pwani. Kumbe muhugu ulikuwa na mbadala; mkono wa fundi haukuwa nao. Hapo Barney apata haki yake.

Hata hivyo, twiga wa huyu akifanana na twiga wa yule, mnunuzi huuliza bei tu, na wachongaji hushushiana mpaka faida ikaisha. Porter alishaonya.

Basi msomaji, kabla hujakodi kibanda, jiulize maswali matatu. Wateja hapa wanakosa nini? Mimi naweza nini ambacho jirani hawezi? Na kazi ikinifunza jambo jipya, niko tayari kubadilika? Ukikosa jibu la la pili, usiharakishe kulipa kodi.