Kwa Nini Shosh Mmoja ni Landilodi na Mwingine Bado Anasaka Kodi ya Keja?

Wasee, leo tuongee kuhusu mashosh na maguka wa mtaa. Tumezoea kusema mtu akizeeka akiwa amesota ni juu hakujipanga akiwa kijana. Zii. Wengi walijipanga. Shida ni vile mambo ya keja na ya kuangaliwa yalipangwa tangu wakiwa rika letu.

Chukua Dandora. Mwaka wa 1975, kanjo ya Nairobi ikiwa na pesa ya Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa ploti karibu 6,000 pale. Mtu wa mshahara mdogo alipewa kiwanja chenye maji na choo, halafu ajijengee vyumba pole pole. Mchezo uliamuliwa hapo. Aliyepata ploti aliongeza chumba, akapangisha, akaongeza kingine, na leo kuna wenye wako na orofa. Aliyekosa alibaki mpangaji. Na unakuta wawili hao walikuwa wanapiga jobo pamoja Indaa, mshahara uleule! Sasa mmoja anapokea kodi kila tarehe tano, mwingine anaituma.

Na NSSF je? Kwa miaka mingi, mpaka sheria mpya ilipoanza kufanya kazi 2023, mfanyakazi alikuwa anakatwa 200 kwa mwezi na bosi anaongeza 200. Piga hesabu: miaka 30 ya makato kama hayo ni 144,000 kabla ya riba. Kwa singo ya 4,000, hiyo ni miaka mitatu tu ya kodi. Na huyo ni mwenye alikuwa ameandikwa. Mama mboga, fundi, mtu wa mjengo, hata hiyo hawakuwekewa.

Inua Jamii iko, na inasaidia, nisikudanganye. Tangu 2018 kila mtu wa miaka 70 kwenda juu anafaa kupata 2,000 kwa mwezi. Lakini mwenye ploti na mwenye hana wote wanapewa thao mbili. Kwa mmoja ni ya sukari na nyama ya Jumapili. Kwa mwingine hata kodi haimalizi, na ikichelewa landilodi hataki kusikia habari ya serikali. Zile nyumba mpya tunakatiwa 1.5% nazo ni za kununua pole pole kwa miaka mingi. Shosh wa 75 bila payslip ataanzia wapi?

Sasa njoo kwa kuangaliwa, hapa ndio pananiuma. Shosh yangu alianguka kwa ngazi akavunjika nyonga. Bili ya hosi ilimeza fee yangu ya college, ndio maana usiniulize nili-graduate lini. Lakini hosi iliisha. Kilichobaki ni nani atamwogesha, nani atampeleka choo ya nje usiku. SHA, ambayo mtu wa jua kali hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, kuanzia 3,600, ni ya matibabu. Hailipi mtu wa kukaa na shosh nyumbani. Sista yangu aliacha kazi ya saluni. Jirani yetu mwenye ploti aliandika msichana wa kazi kwa pesa ya vyumba viwili tu, watoto wake wakaendelea na shule.

Ona vile inarudi kwetu: umaskini wa shosh umekula fee yangu na kazi ya sista. Nasi tukizeeka tutakuwa na nini?

Kama shosh wako ametimiza 70 na hajawahi kuona hiyo thao mbili, mpeleke kwa chifu ama ofisi ya maendeleo ya jamii na ID yake, uulize kuhusu usajili. Wetu tulimwandikisha akiwa na 73. Miaka mitatu ilikuwa imeenda hivyo tu, juu hakuna mtu kwa ploti alikuwa anajua.